Mwavuli na fundi: jinsi seli inavyokarabati DNA iliyochomwa na jua

Katika kisiwa cha Maore, ambacho ramani za Kifaransa hukiita Mayotte, wako watoto wenye ngozi nyeusi ambao jua ni adui wao mkubwa. Huzaliwa wazima, rangi yao kama ya ndugu zao. Mara nyingi kabla hawajatimiza miaka miwili uso huanza kujaa madoadoa, ngozi hukauka kama ya mzee, macho hayavumilii mwanga. Kisha, katika umri ambao wenzao wanajifunza kusoma, saratani huota puani, mdomoni au kwenye jicho lenyewe. Wafaransa huwaita watoto wa mwezi, kwa kuwa mchana hujifungia ndani na hutoka kucheza usiku. Ugonjwa wao ni zeroderma pigmentosamu, kwa kifupi XP. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba Maore ina mgonjwa mmoja kwa kila watu 5,000 hivi. Ulaya Magharibi hupatikana wawili tu, au wakizidi ni kidogo sana, katika kila watoto milioni moja wanaozaliwa.

Nimeanza na Maore, jirani zetu wa damu na wa lugha, kwa sababu huku kwetu saratani ya ngozi huhesabiwa kuwa ya Wazungu na ya watu wenye ualbino. Mtu mweusi, tunaambiana, ana kinga ya kuzaliwa nayo. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaangamiza watoto hawa kabla hawajafikishwa kwa daktari anayejua anachokiona.

Ngozi ina kinga mbili. Ya kwanza ni melanini, ile rangi, ambayo kazi yake ni kama ya mwavuli: huzuia sehemu kubwa ya mionzi isifike ndani ya seli. Hakuna mwavuli usiovuja. Mionzi inayopenya huumiza DNA ya kila mtu, mweusi kwa mweupe, na hapo ndipo inapohitajika kinga ya pili, yaani vimeng'enya vinavyoyatafuta majeraha hayo, kuyakata na kushona upya. Hao ni mafundi. Mtu mwenye ualbino ana mafundi wazima kabisa. Alichokosa ni mwavuli. Mtoto wa Maore mwenye XP ana mwavuli mzuri, ila fundi mmoja hayupo kazini. Wote wawili hufikia saratani ya ngozi, kwa njia mbili tofauti, na anayewachanganya atawapa ushauri usiowafaa.

Tuangalie kwanza jeraha lenyewe. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba ya makumbi. Juu ya kila uzi kumepangwa herufi nne za kikemia, A, T, C na G, na herufi za uzi mmoja hushikana mkono na za uzi wa pili kwa sheria isiyobadilika: A na T, C na G. Mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona kwa macho, ikizigonga T mbili zilizokaa jirani katika uzi mmoja, zile T huacha kuelekeana na wenzao wa ng'ambo na kushikana zenyewe kwa zenyewe, ubavu kwa ubavu. Papo hapo uzi hujikunja na kufanya fundo. Siku moja ya jua kali huweza kuacha mafundo makumi ya maelfu katika seli moja ya ngozi iliyo wazi.

Seli inapotaka kugawanyika hulazimika kunakili DNA yake yote, jozi za herufi bilioni sita na ushei. Mashine ya kunakili ikifika kwenye fundo, ama hukwama na seli ikafa, ama hubahatisha. Inapobahatisha, C mara nyingi hugeuka T, na wakati mwingine C mbili zilizofuatana hugeuka T mbili kwa pamoja. Kosa hilo la mwisho ni kama alama ya kidole ya jua: mtafiti akiikuta katika jeni za uvimbe, anajua nani alipita hapo. Kosa likitua mahali pasipo na kazi, hakuna anayejua. Likitua kwenye jeni kama p53, ambayo huisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kuzaana, safari ya saratani imeanza.

Sasa mafundi. Watu wakisikia kimeng'enya cha kukarabati DNA hudhani ni kitu kimoja kinachopita na kurekebisha. Kwa mafundo haya ya jua ni kikosi cha protini kama thelathini hivi, na uzuri wake umo katika mgawanyo wa kazi.

Wa kwanza ni mpelelezi anayeitwa XPC. Jambo linalonishangaza kila ninapolisoma ni kwamba XPC haligusi jeraha lenyewe. Hutembea juu ya kamba akitafuta mahali herufi zilipolegea, kisha huushika uzi ulio mzima, ule wa upande wa pili. Hajui kilichoharibika ni nini. Anachojua ni kwamba hapa herufi hazishikani kama inavyotakiwa. Kwa sababu hiyo huweza kunasa majeraha ya kila namna, hata ya kemikali ambazo hazikuwahi kuwepo duniani kabla ya viwanda. Udhaifu wake ni kwamba fundo la T mbili halilegezi kamba kiasi cha kutosha, kwa hiyo huhitaji msaidizi, XPE, anayelikunja vizuri zaidi ili lionekane.

Kisha huja kundi la protini kumi lenye helikesi mbili, XPB na XPD. Helikesi ni kimeng'enya cha kufungua msokoto. XPB huanza kuachanisha nyuzi, na XPD husonga mbele juu ya uzi unaoshukiwa. Ikipita bila kizuizi, maana yake tuhuma ilikuwa ya uongo na kazi huachwa. Ikikwama kwenye fundo, jeraha limethibitishwa. Huo ukaguzi wa pili si anasa, kwani mkasi unaokata DNA pasipo sababu ni hatari kuliko jua.

Mikasi iko miwili. XPG hukata upande mmoja wa jeraha, na upande wa pili hukatwa na pacha wawili wasioachana, XPF na ERCC1. Katika pacha hawa ni XPF mwenye makali. ERCC1 hakati chochote, lakini bila yeye XPF huchakaa na kuvunjika, wala haliwezi kuishika DNA. Msimamizi XPA huhakikisha kila mkasi umekaa mahali pake. Pacha hukata kwanza. Polimeresi, ile mashine ya kunakili, huanza kujaza pengo mara moja, na ndipo XPG hukata upande wake. Mpangilio huo huiepusha seli na hatari ya kuacha uzi ukiwa wazi kwa muda mrefu. Kipande kinachotolewa kina herufi 24 hadi 32, ingawa zilizoharibika ni mbili tu. Fundi cherehani anayejua kazi hufanya hivyo hivyo: nguo ikiungua kidogo kwa pasi hashoni pembeni mwa tundu, hukata mpaka afike kwenye kitambaa kizima. Herufi mpya hupangwa kwa kufuata uzi wa ng'ambo uliobaki salama, na mwishowe ligesi, kimeng'enya cha kuunganisha, hufunga mshono.

Kikosi hiki tulikijua kupitia wagonjwa. Ugonjwa wenyewe ulielezwa Vienna katika miaka ya 1870 na Moriz Kaposi, daktari ambaye jina lake Afrika Mashariki inalifahamu zaidi kwa saratani nyingine, ile iliyoenea wakati wa janga la Ukimwi. Kaposi alieleza ngozi aliyoiona. Sababu hakuijua, wala asingeweza kuijua. Karibu miaka mia moja ilipita. Katika miaka ya 1960, James Cleaver, mtafiti aliyekuwa San Francisco, alisoma habari za XP gazetini na kujiuliza kama seli za wagonjwa hawa zinaweza kukarabati DNA. Alizichukua, akazipiga mionzi ya urujuanimno, akatazama kama zinashona kiraka. Hazikushona. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1968, na kwa mara ya kwanza saratani ya binadamu ikafungamanishwa moja kwa moja na fundi aliyekosekana.

Miaka minne baadaye, huko Rotterdam, kundi la Dirk Bootsma lilifanya jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa baiolojia alijue. Walichukua seli ya mgonjwa mmoja wa XP na seli ya mgonjwa mwingine wa XP, wakaziunganisha ziwe seli moja. Seli mbili mbovu zikawa moja nzima: ikaanza kukarabati. Maana yake ni wazi ukiitafakari. Kila mgonjwa alikosa fundi tofauti, na alichokosa huyu yule alikuwa nacho. Kwa kuunganisha seli mbili mbili namna hiyo, watafiti walipata makundi saba, A hadi G. Ndiyo maana protini hizi zina majina makavu ya herufi: XPA, XPC na wenzao waliitwa kwa kundi la wagonjwa kabla hata hawajatambulika wenyewe. Kundi la nane lilikuwa fumbo, kwa sababu seli zake zilikata na kushona bila shida. Mwaka 1999 ilibainika kwamba wagonjwa hao wamekosa polimeresi maalumu, ile inayojua kunakili juu ya fundo la T mbili na kuweka A mbili sahihi upande wa pili. Wengine wote tunategemea pia polimeresi hiyo kwa mafundo ambayo mafundi hawakuyawahi.

Watoto wa Maore ni wa kundi C. Kosa lao ni la herufi moja tu katika jeni ya XPC, mahali seli inapounganisha vipande vya ujumbe wa jeni. Matokeo yake kipande kimoja huachwa nje na protini haikamiliki. Na hapa pana mtego kwa wazazi. Mtoto wa kundi A akikaa juani dakika chache huungua vibaya, akalia, na familia ikajua kuna tatizo. Mtoto wa kundi C mara nyingi haungui hivyo. Sababu ni kwamba kuna mlango mwingine wa kuwaita mafundi: mashine inayosoma jeni ikikwama kwenye fundo, yenyewe hupiga kelele, na kikosi huja bila kumhitaji XPC. Kwa hiyo jeni zinazotumika hukarabatiwa, seli haifi, ngozi haivimbi. Makosa hujikusanya kimyakimya katika sehemu kubwa iliyobaki ya DNA. Mzazi haoni moto, huona madoadoa, na madoadoa hayamtishi mtu.

Geuza hali hiyo upate fumbo lingine. Wako watoto ambao mlango huo wa pili ndio uliofungwa, huku XPC likifanya kazi yake vizuri. Huo ni ugonjwa wa Cockayne, ulioelezwa na daktari wa London mwaka 1936. Watoto hawa huungua na jua, hudumaa, huzeeka mapema, masikio na macho hufifia, na wengi hufa utotoni. Lakini saratani ya ngozi hawapati. Ukikosa ukarabati wa DNA yote kwa ujumla, seli huishi na makosa na hatimaye huasi. Ukikosa ukarabati wa jeni zinazosomwa, seli hukwama na kufa kabla haijapata nafasi ya kuasi. Kwangu mimi hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba saratani na uzee wa mapema vinaweza kutoka katika karakana moja.

XPD ndiyo inayovuruga kabisa desturi ya kusema jeni moja, ugonjwa mmoja. Helikesi hii hutumika pia wakati jeni zinapoanza kusomwa, si katika ukarabati peke yake. Kutegemea mahali ilipoharibika, mtu hupata XP, au XP iliyochanganyika na Cockayne, au ugonjwa wa tatu ambao nywele zake hukatika kama nyasi kavu kwa kukosa salfa.

Takwimu za XP ni nzito. Uchunguzi wa wagonjwa waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa Marekani ulionyesha kwamba walio chini ya miaka 20 wana hatari ya saratani za kawaida za ngozi mara 10,000 kuliko wenzao, na ya melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, mara 2,000. Kati ya waliopata saratani hizo za kawaida, nusu walikuwa wameshapata ya kwanza kufikia umri wa miaka 9. Robo hivi ya wagonjwa hupungukiwa pia na neva: usikivu, mwendo, akili. Jua halifiki ubongoni, kwa hiyo watafiti wengi wanaamini kwamba DNA ya ubongo huumizwa na oksijeni inayotumiwa na seli zenyewe, na baadhi ya majeraha hayo huhitaji kikosi hiki hiki.

Maana kikosi hiki hakikuumbwa kwa ajili ya jua peke yake. Moshi wa sigara huacha juu ya DNA mabonge ya kemikali yanayotolewa na mikasi hii hii, ndiyo maana mgonjwa wa XP hukatazwa kukaa karibu na mvutaji. Sumukuvu nayo, ile ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ikishachakatwa kwenye ini hugandamana na herufi G. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na hao waliuawa na dozi kubwa iliyoharibu ini kwa siku chache. Dozi ndogo inayoliwa miaka na miaka huua kwa njia ya DNA: mafundi huondoa mabonge mengi, machache huwaponyoka, na saratani ya ini huja baadaye.

Kuna wakati fundi hodari huwa kikwazo. Sisplatini, dawa ya saratani ambayo katika hospitali kama Ocean Road ya Dar es Salaam huambatanishwa na mionzi kutibu saratani ya shingo ya kizazi, hufanya kazi kwa kuifunga DNA mafundo ya madini ya platini. Seli ya saratani yenye mafundi wengi huyafungua na kuendelea kuishi. Saratani ya korodani hupona kwa sisplatini hata ikiwa imesambaa, na sehemu ya maelezo ni kwamba seli zake zina XPA, XPF na ERCC1 kidogo mno. Madaktari walitumaini kwamba kupima ERCC1 kwenye uvimbe wa mapafu kungewaonyesha nani wa kupewa dawa hiyo, na mwaka 2006 matokeo ya kwanza yaliwapa moyo. Mwaka 2013 ilionekana kwamba kipimo hakiaminiki: ERCC1 huja kwa maumbo manne, moja tu ndilo linalofanya kazi, na kipimo kilishindwa kuwatenganisha.

Aliyeuchora mpango mzima wa kukata na kushona ni Aziz Sancar, mtoto wa familia ya wakulima kutoka Savur, kusini mashariki mwa Uturuki, aliyefanya udaktari kwao kabla ya kwenda Marekani. Mwaka 1983 alitenga protini tatu za bakteria zinazokata kipande cha herufi 12 au 13, na mwaka 2015 akagawana Tuzo ya Nobel ya kemia na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Lakini mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kimeng'enya kingine, fotolayesi, ambacho hakina haja ya mkasi. Hicho hukaa juu ya fundo, hunasa mwanga wa buluu na kwa nguvu hiyo huzitenganisha T mbili zilizoshikana. Jua huumiza, jua huponya. Bakteria wanacho, samaki na vyura wanacho, hata kangaruu. Sisi hatuna. Mababu wa wanyama wanaolea mimba kwa kondo walikipoteza, na jamaa zake waliobaki mwilini mwetu wana kazi ya kuendesha saa ya usiku na mchana.

Upungufu huo umewapa watafiti wazo la kuazima. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 30 wa XP, ambao baadhi yao walipaka losheni yenye kimeng'enya cha ukarabati kutoka kwa kirusi kinachoshambulia bakteria, kilichofungwa ndani ya matone ya mafuta ili kipenye ngozi. Madoa mapya yanayotangulia saratani yalikuwa pungufu kwa asilimia 68 kulinganisha na waliopaka losheni tupu. Si tiba, kwani jeni mbovu inabaki palepale.

Kwa sasa maisha ya mgonjwa wa XP yanasimama juu ya kujikinga kikamilifu: nguo nzito za mikono mirefu, kofia yenye kioo kinachochuja mionzi, miwani, karatasi maalumu kwenye vioo vya madirisha na vya gari, vidonge vya vitamini D kwa kuwa ngozi yake hailioni jua, na daktari wa kumkagua kila baada ya miezi michache akikata kila kinachoota kingali kidogo. Mtu mwenye ualbino, na Tanzania inakadiriwa kuwa na mmoja kwa kila watu 1,400, anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Akiyapata anaweza kwenda shule mchana na kufanya kazi zake, kwa kuwa majeraha ya mionzi michache inayopenya hurekebishwa. Kwa mwenye XP hata majeraha hayo machache hubaki na kujikusanya.

Limebaki swali ambalo familia huuliza kabla ya yote: tumekosa nini? XP hurithiwa kutoka pande zote mbili. Baba na mama kila mmoja ana nakala moja mbovu na moja nzima, na nzima hiyo moja inatosha, kwa hiyo wao ni wazima na hawajui. Katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuchukua mbovu mbili, na mimba iliyotangulia haibadilishi hesabu ya inayofuata. Ikiwa mtu mmoja kati ya 5,000 anaugua, basi kwa hesabu za kawaida za urithi mmoja kati ya 35 hivi hubeba nakala mbovu. Maore imefikia hapo kwa sababu ya historia ya visiwa: wahenga wachache, mmoja wao akiwa na kosa la herufi moja, na vizazi vingi vya kuoana humohumo. Herufi ile inaweza kupimwa leo kwa tone la damu, kwa mchumba, kwa ndugu wa mgonjwa, kwa mtoto mchanga aliyezaliwa katika ukoo wenye historia hiyo, kabla hajatolewa nje kuonyeshwa jua la kwanza.